Samaki kumi na wanne katika lita 47: uchambuzi wa kisa kimoja cha Kampala

Kuhusu kisa hiki

Familia moja ya Kampala iliweka tangi la samaki sebuleni, ikapoteza karibu samaki wote ndani ya siku tisa, kisha ikaanza upya na samaki wa aina nyingine kabisa. Mimi nafuga samaki wa mapambo, na baba wa nyumba alilijua hilo, ndipo nikaitwa baada ya vifo vya mwanzo. Mtaa, duka na kazi za wahusika nimeviondoa, na umri wa watoto nimeubadilisha kidogo. Vipimo vya maji vimetoka kwenye daftari lililokuwa likiwekwa juu ya kabati la tangi. Wenyewe wameridhia kisa kiandikwe.

Nyumbani wako saba. Mama ni mzaliwa wa pwani ya Kenya na baba ni wa mashariki ya Uganda, kwa hiyo lugha ya mle ndani ni Kiswahili. Wapo watoto watatu, dada wa kazi, na Babu, baba yake baba, aliyekulia kando ya Ziwa Victoria na anayewajua samaki kuliko sote, ila samaki wa wavu na chungu.

Nyumba, maji na tangi

Tangi lilitengenezwa na fundi wa vioo: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Ukizidisha unapata lita 63, na hesabu hiyo ndiyo aliyopewa muuzaji wa samaki. Lakini hakuna anayejaza tangi hadi ukingoni, na mchanga nao unachukua nafasi yake. Maji halisi yalikuwa karibu lita 47. Robo nzima ya maji aliyoyahesabu muuzaji haikuwapo.

Maji ya nyumba hiyo ni ya bomba la shirika la taifa, NWSC. Yanavutwa Ziwa Victoria, yanasafishwa, yanatiwa klorini. Ni maji laini, yenye madini machache. Kuhusu joto, watu husahau kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai kipimajoto ndani ya tangi kilisoma nyuzi 21, na alasiri kikapanda hadi 24. Hakukuwa na kifaa cha kupasha maji. Umeme hukatika, wakati mwingine usiku kucha.

Ununuzi wa kwanza

Jumamosi moja walinunua samaki kumi na wanne kwa mpigo: samaki wa dhahabu wanne, enjeli wawili, oska mmoja mwenye urefu wa kidole, pleko mmoja wa "kusafisha vioo", na neoni tetra sita. Tangi lilijazwa maji mchana huohuo. Muuzaji aliwapa kichupa cha dawa ya kuondoa klorini, wakaitumia kama walivyoelekezwa, na hapo hawakukosea lolote.

Mama aliuliza swali zuri: hawa hawatakua wakubwa mno? Akajibiwa kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Kauli hii nimeisikia katika maduka mengi, na inadumu kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Samaki aliyebanwa katika maji machafu hudumaa kweli. Kudumaa huko ni ugonjwa: anapinda mgongo na kufa mapema. Samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri anafika sentimita 20 na zaidi. Oska anapita 30, na pleko wa kawaida wa madukani anaweza kumpita hata huyo. Enjeli ana urefu wa sentimita 15 hivi, lakini kwa mapezi yake kimo chake huuzidi urefu wake. Katika kapu lile lote ni neoni peke yao waliokuwa na umbo la kuishi katika lita 47, nao waliwekwa pamoja na oska, ambaye humla kila anayeenea kinywani mwake.

Joto nalo halikulingana. Samaki wa dhahabu hupendelea maji ya ubaridi, chini ya nyuzi 23 hivi, ilhali enjeli na oska wanataka 25 na kuendelea. Hakuna kiwango ambacho kingewaridhisha wote.

Siku tisa

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za furaha. Ya tatu neoni wawili hawakuonekana, na watoto wakaamini wamejificha nyuma ya jiwe. Siku ya nne maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshea mchele.

Siku ya tano ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki. Samaki walipanda juu, wakawa wanafungua na kufunga midomo kwenye uso wa maji. Dada akawaona na kufikiri vile ambavyo mtu yeyote mwenye huruma angefikiri: wana njaa. Akawatupia chakula. Walipoendelea kubaki juu akawaongezea tena, mara tatu, mara nne kwa siku. Samaki wa dhahabu hakatai chakula hata akiwa mgonjwa, kwa hiyo kila walipokula, dhana yake ilithibitika. Kumbe walikuwa wakitafuta hewa, na kila punje iliyoanguka ilizidi kuyaharibu maji.

Siku ya sita samaki wa dhahabu mmoja alikufa. Siku ya saba Mama akaagiza tangi lioshwe lote. Maji yakamwagwa, mchanga na sponji ya chujio vikasuguliwa kwa sabuni, likajazwa maji mapya. Usiku wa nane umeme ulikatika saa mbili na kurudi alfajiri saa kumi na mbili. Asubuhi walikuta wamekufa samaki wa dhahabu wawili, enjeli wote wawili na neoni wanne waliokuwa wamebaki. Walionusurika ni samaki wa dhahabu mmoja, oska na pleko, ambaye huweza kumeza hewa juu ya maji na kuitumia.

Nilipofika nilipima amonia ikawa miligramu 2 kwa lita, katika tangi lililobadilishwa maji yote siku mbili tu kabla. Nitriti haikuonekana kabisa. Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaeleza karibu yote. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na chakula kilichooza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji na mchanga: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Kukosekana kwa nitriti kulionyesha kwamba hata kundi la kwanza halijaanza kazi, na wale wachache waliokuwa wameanza kujenga walisuguliwa kwa sabuni.

Maamuzi, na sababu zake

*Walionusurika waende wapi.* Hawangeweza kubaki. Oska na pleko walipokelewa na mgahawa wenye tangi la zaidi ya lita 400, na samaki wa dhahabu akapelekwa kwenye bwawa la saruji la mfugaji mwingine. Mtoto mkubwa alikuwa amependekeza waachiliwe kwenye kinamasi cha chini ya kilima, kwa nia safi kabisa. Babu ndiye aliyekataa kabla sijafungua mdomo. Alikuwa kijana wakati sangara, waliopandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, walipoanza kutawala nyavu, na alikuwa mtu mzima gugumaji lilipofunika ghuba mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Gugumaji lilisambazwa duniani kama ua la mapambo. "Mjukuu wangu," alimwambia, "ziwa hili limeshaletewa wageni wa kutosha."

*Tangi kubaki bila samaki.* Uamuzi huu ndio uliokuwa mgumu kukubalika. Tuliweka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, tukabana kwenye sponji hiyo kipande cha sponji kutoka tangi lililokomaa, na Dada akawa anatia chembe chache za chakula kila siku ili zioze na kuwapa bakteria amonia ya kufanyia kazi. Ilichukua wiki tano. Mama alinipigia katikati ya kipindi hicho: "Kaka, wageni wananiuliza kwa nini naangalia maji matupu." Nilimsihi asubiri vipimo viwili mfululizo vyenye amonia sifuri na nitriti sifuri. Alisubiri.

Mchanga ulibadilishwa pia. Kokoto zenye ncha zilitolewa, ukatiwa mchanga laini wa ziwa, wa aina ileile inayouzwa kwa ujenzi, ukaoshwa ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka safi.

*Pendekezo la Babu.* Babu aliuliza kwa nini tununue samaki wa Amerika ya Kusini wakati ziwa lina nkejje (furu), wadogo, wa rangi, na wa bure. Swali hilo lilistahili jibu la haki, kwa sababu wanaomcheka hawajawahi kumwona nkejje dume akiwa hai. Wamezoea wale wakavu wa sokoni ambao watu huwasagia watoto waliodhoofika. Akiwa hai ana wekundu, ubuluu na manjano ya kushindana na samaki yeyote wa dukani. Wataalamu wanakadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na takriban aina 500 za jamii hii, zilizotokea katika muda wa miaka kama 15,000 tu, na nyingi zilitoweka katika miaka ya 1980 sangara walipoongezeka. Jike hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ukitaka samaki wa kumfundisha mtoto habari za ziwa lake, hakuna wa kumpita.

Hata hivyo tulikataa, kwa sababu ya vipimo vya tangi. Nkejje dume hujitwalia eneo na kulilinda. Katika tangi la sentimita 60 eneo lake ni tangi zima, na dume wa pili atapigwa hadi afe, majike nao wakifukuzwa hawana pa kukimbilia. Wafugaji wanaowamudu hutumia lita 200 na zaidi, na huweka kundi kubwa ili ugomvi ugawanyike. Pia samaki wa ziwani huja na minyoo na vimelea vyake, na kuvua au kuhamisha samaki hai ni jambo la kuuliza kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya. Babu alikubali kuhusu ukubwa wa tangi. Kuhusu vimelea alisema amewala miaka yote hiyo na yuko hai.

*Orodha mpya.* Tuliipanga kwa maswali matatu, na rangi haikuwa mojawapo. Akikomaa atakuwa na ukubwa gani? Katika nyuzi 21 hadi 24 ataishi vizuri au atavumilia tu? Umeme ukikatika jioni na kurudi asubuhi, atapumuaje?

Swali la tatu huwezi kulikuta katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme haukatiki, lakini kwa Kampala ningeliweka la kwanza. Lilitupeleka kwa koridora, kambare wadogo wa sentimita 6 hivi wanaochimbachimba chini, ambao hupanda juu, wakameza hewa na kuivuta oksijeni yake kupitia utumbo. Lilitupeleka pia kwa gapi, ambaye mdomo wake umeelekea juu na huweza kunyonya ule utando mwembamba wa maji ya juu wenye oksijeni nyingi zaidi. Beta naye hupumua hewa, na ndiye watoto waliyemtaka, lakini nyuzi 21 ni baridi kwake, na mikia mirefu ya gapi ingemtia wazimu. Gurami wa buluu anapita sentimita 12, akaachwa. Kifaa cha kupasha maji tulikitafakari, tukakiacha. Chumba kinapoa taratibu na samaki huzoea. Kifaa kinachowaka na kuzimika kwa ratiba ya umeme kinaleta mabadiliko ya ghafla zaidi kuliko usiku wenyewe.

Tatizo la gapi ni kwamba hupenda maji yenye madini, na maji yetu ni laini. Suluhisho lilipatikana duka la chakula cha kuku: makombora ya ziwani yanayochanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai. Konzi moja ikaoshwa, ikafungwa kwenye soksi nyepesi na kuwekwa nyuma ya chujio. Makombora huyeyuka polepole na kutoa chokaa. Koridora hawakuyahitaji, ila hayawadhuru kwa kiasi hicho.

Idadi ikawa gapi saba, madume watupu, na koridora watano. Madume peke yao kwa sababu jike mmoja anaweza kuzaa vifaranga 20 hadi 50 kila baada ya wiki nne hivi. Gapi wanne waliingia kwanza, watatu wakafuata wiki mbili baadaye, na koridora mwezi uliofuata, maji yakipimwa kabla ya kila kundi.

*Nani ni mfugaji.* Katika ununuzi wa kwanza hakuna aliyemwuliza Dada chochote, ingawa ndiye aliyekuwa nyumbani mchana kutwa. Mara hii alikuwepo mezani. Yeye ndiye aliyegundua kwamba maji yaliyolazwa kwenye jerikeni yalikuwa bado yananuka klorini asubuhi, kwa kuwa mdomo wa jerikeni ni mwembamba na gesi haipati pa kutokea. Akahamia kwenye beseni lililo wazi. Akachora alama ya kalamu ya wino kwenye ndoo, lita 12, kiasi cha kubadilisha kila Jumapili, na sponji sasa inakamuliwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini, bila bomba wala sabuni. Chakula ni nusu kijiko kidogo cha dawa, mara moja kwa siku.

Matokeo baada ya miezi minane

Amonia na nitriti zimebaki sifuri tangu samaki warudi. Nitreti haijavuka miligramu 20 kabla ya siku ya kubadilisha maji. Katika mwezi wa nne umeme ulikatika kwa saa kumi na tatu. Dada aliwasha pampu ndogo ya betri, hakuwalisha siku iliyofuata, na hakufa hata mmoja.

Gapi mmoja aliruka nje usiku kabla tangi halijawekewa kifuniko, mwingine alikufa kwa sababu isiyojulikana. Kisha mtoto wa kati akaleta kutoka shule kijike cha gapi ndani ya chupa ya maji ya kunywa, zawadi ya rafiki, akakitia tangini kimyakimya. Baada ya muda vifaranga vilijaa kwenye majani. Jike akatengwa katika beseni peke yake, na mwezi uliofuata akazaa tena, jambo lililoishangaza nyumba nzima. Gapi jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Vifaranga wengi waliliwa na wakubwa wao. Kumi na mmoja waliobaki walitengwa, wakaangaliwa mpaka pezi la chini la madume lilipochongoka, kisha wakagawiwa watu wenye matangi.

Uchambuzi

Rahisi kumlaumu muuzaji, na sehemu ya lawama ni yake. Lakini yeye huishi na samaki wachanga wanaokaa kwake muda mfupi, na katika macho yake oska ni kisamaki cha urefu wa kidole. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja katika maduka yetu, ningeandika ukubwa wa utu uzima kwenye kioo cha kila tangi, karibu na bei.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kuifanya saa ya giza kuwa kipimo cha idadi. Kanuni za kuhesabu sentimita za samaki kwa lita huchukulia kwamba chujio linaenda saa zote. Samaki kumi na wanne wangeweza kuonekana wachache kwa siku yenye umeme. Usiku usio na umeme, hata kumi na mmoja waliokuwa wamebaki waliimaliza oksijeni kabla ya mapambazuko. Kuoshwa kwa tangi siku ya saba kuliongeza madhara, ila hata bila sabuni sidhani enjeli wangepona usiku ule.

Subira ya wiki tano ilitoa maji mazuri, lakini ilikuwa na gharama yake. Watoto walipoteza hamu, na orodha ilipangwa na watu wazima. Kijike cha gapi kilipoingia, mtoto alijua kwamba samaki wake wote ni madume, hakujua ni kwa nini. Alipoelezwa habari ya vifaranga 50 kwa mwezi, alicheka, kisha akawa ndiye anayepima maji.

Bahati ilichangia pia. Mgahawa wenye tangi la lita 400 haupatikani kila mtaa, na bila huo, kwa oska yule kulikuwa hakuna jibu zuri.

Mwezi wa saba koridora mmoja alikufa, wakabaki wanne. Ni samaki wa kundi na wanatulia zaidi wakifika sita. Duka halina tena aina hiyo. Lina aina nyingine yenye madoa. Mama alikuwa tayari kuinunua, lakini aina mbili tofauti mara nyingi hujitenga, kila moja na kundi lake dogo, kwa hiyo tumeagiza wawili wa aina ileile na muuzaji amesema atapiga simu wakifika. Watakapokuja watakaa kwanza wiki mbili kwenye beseni lenye sponji yake, mbali na wenzao.